Wewe ni wa Nani?

Wajukuu zangu, huku Tarime wiki moja ina siku mbili za ibada. Jumamosi mnawaona Wasabato wakipita na Biblia kwapani, na duka la Msabato siku hiyo limefungwa hata kama sukari imekuishia. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki, Wamenno, Waanglikana na Wapentekoste. Mkivuka Mto Mara mkaenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mtakuta mambo ni yale yale. Tena karibu na kanisa lolote la zamani hamkosi kuona shule, na mara nyingi zahanati au hospitali. Mnapita hapo kila siku bila kujiuliza vitu hivyo vilikutanaje mahali pamoja.

Nitawaeleza, ila nitapitia njia yangu. Watu wengi wakisimulia historia ya kanisa huanza na askofu, halafu jengo, halafu sherehe ya kufungua jengo. Mimi nataka tumfuate mtu mwingine: yatima, mjane, mgonjwa aliyefukuzwa, msichana aliyekimbia usiku. Mtu huyo alikula wapi? Nani alimfungulia mlango?

Tuanze kabla ya kanisa lolote. Mkurya wa zamani aliishi katika boma lake, zizi la ng'ombe likiwa katikati na kila mke akiwa na nyumba yake. Nyumba hiyo ilikuwa na hesabu yake yenyewe: ng'ombe wake, shamba lake, watoto wake. Binti wa nyumba akiolewa, ng'ombe wa mahari walihesabiwa kuwa wa nyumba ya mama yake, na kaka yake wa tumbo moja ndiye aliyewatumia kuoa. Shikeni hapo. Tutaparudia mwishoni, na ndipo mtakapoona kwa nini nimepataja mapema.

Mambo yakiharibika, ilikuwepo milango kadhaa ya kubisha. Aliyezidiwa na palizi aliita risaga. Majirani walikuja asubuhi na majembe, wakapalilia shamba zima, kisha wakala ugali na kunywa pombe ya ulezi. Siku nyingine ilikuwa zamu ya shamba la mwenzake. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwagawa kwa marafiki wa mbali wawachunge. Rafiki alipata maziwa, naye mwenye mali alijua kwamba ugonjwa ukiingia kwake, au wezi wakija usiku, hatalala tajiri akaamka maskini. Mama mzee mwenye mifugo lakini asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake, warithi wake. Ndoa hiyo, nyumba ntobhu, mnaijua, kwa sababu ipo mpaka leo. Wataalamu wameijadili sana, lakini kwa bibi mwenyewe hesabu ilikuwa rahisi: nani atanichotea maji nikishindwa kutembea?

Milango yote hiyo ilikuwa na swali moja kizingitini: wewe ni wa nani? Wa ukoo gani, wa rika gani, wa nyumba ipi? Mnchari, Mwiregi, Mnyabasi, Mtimbaru, Mkira, Mnyamongo, kila mmoja alikuwa na jibu lake, na mwenye jibu alikula.

Ikaja miaka ambayo hata wenye jibu walikosa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote. Ndui ikafuata, na njaa pia. Upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata na Wangoreme walisambaa kutafuta nafaka, wengine wakitembea kwa miguu hadi Usukuma. Wapo waliomwacha mtoto kwa mwenye ghala wakapewa chakula cha kuwaokoa waliobaki nyumbani. Mtoto yule alikulia huko, akaoa au akaolewa huko, na akiulizwa swali la kizingitini alijibu kwa jina la watu wa huko. Msiharakishe kuwahukumu wazazi wale. Njaa iliyofika zizini kwa kila mtu haina jirani wa kuitiwa risaga.

Sasa twende Uingereza kidogo, kisha tutarudi. Huko nako kila kijiji kilikuwa chini ya parokia, yaani eneo la kanisa moja na watu wake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1601, katika miaka ya mwisho ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria ikaongeza mzigo mwingine: kila parokia iwatunze maskini wake. Wenye nyumba na ardhi walitozwa kodi, wakateuliwa wasimamizi wa maskini, nao wakaandika kila senti iliyotoka: ya mkate wa mjane, ya viatu vya yatima, ya jeneza la mzee asiye na ndugu. Watoto yatima walipelekwa kwa mafundi wajifunze kazi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waingereza waliandika, na ndiyo maana mtoto wa kijiji cha kule anaweza leo kusoma nani alipewa viatu miaka 300 iliyopita.

Msidhani huruma yao haikuwa na kizingiti. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni anayeonekana atakuwa mzigo arudishwe kwenye parokia yake. Mwanamke mjamzito asiye na mume alisukumwa avuke mpaka kabla hajajifungua, ili mtoto asije akahesabiwa kuwa wa parokia hiyo na kula kodi yake. Mwaka 1834 mambo yakawa magumu zaidi. Maskini wengi waliambiwa kwamba anayetaka msaada aingie katika nyumba ya kazi, mume akalale upande wake, mke upande wake, na watoto upande wao. Kwetu mlango uliuliza wewe ni wa nani. Kwao uliuliza wewe ni wa wapi. Huku na kule, asiye na jibu alilala nje.

Turudi nyumbani. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi hizi, mstari wao ulitoka Ziwa Viktoria ukapita katikati ya nchi ya Wakurya. Ndiyo maana wengi wenu mna shangazi Tanzania na mjomba Kenya. Wajerumani waliweka boma Shirati, kando ya ziwa, na ngome Ikoma, katika mbuga za Serengeti. Wamishonari walifika kwa njia nyingi. Wasabato walianza Gendia, upande wa Kenya, mwaka 1906, na wenzao kutoka Ujerumani wakaingia Majita, kusini mwa Musoma. Mapadri Wakatoliki wa shirika la White Fathers walifungua Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, kisha Kowak, nchi ya Wajaluo, mwaka 1933. Mwaka 1946 walikuja Wamarekani wa Maryknoll wakaipokea kazi hiyo, na parokia zikaenea: Rosana kwa Wakurya, Iramba kwa Wangoreme, na nyingine baada yake.

Wamenno nao walitoka Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1934 Elam Stauffer na wenzake walichagua Shirati, sehemu ambayo wakati ule ilitawaliwa pamoja na Tarime na sasa ni Wilaya ya Rorya. Mwaka 1940 wakafungua kituo Nyabasi, katikati ya Wakurya. Fikirini jambo hilo: Wamenno ni watu ambao imani yao inawakataza kushika silaha, nao wanaingia kwa Wakurya, ambao Waingereza walipenda kuwaandikisha jeshini kuliko makabila mengi. Vijana wa Bukurya walikwenda vitani na bunduki za King's African Rifles, huku nyumbani mhubiri akiwafundisha wadogo zao kwamba adui hupendwa.

Kituo cha misheni kilianzaje? Mara nyingi kwa jengo moja la miti na udongo, paa la nyasi. Jumapili lilikuwa kanisa, Jumatatu lilikuwa shule. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu, ana ubao mmoja, chaki chache na sleti za watoto. Asubuhi dini, kisha herufi, kisha hesabu, kisha shamba la shule. Wazazi wengi hawakushawishika. Mtoto wa kiume ni mchungaji wa ng'ombe, na akikaa darasani, nani atakuwa malishoni? Basi baba alitoa mtoto mmoja, wengine wakabaki na fimbo. Wasichana walikuwa wachache zaidi, na sababu mtaielewa mkikumbuka wale ng'ombe wa mahari.

Hata hivyo jengo lile la udongo lilizaa watu. Zedekia Kisare, kijana wa jirani na Shirati, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Wamenno. Januari 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Hata aliyeanzia shule ya serikali alipita misheni: Julius Nyerere wa Butiama alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Lakini alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, na hapo ndipo akaitwa Julius.

Hebu tuangalie daftari la ubatizo la Kikatoliki kwa karibu, maana ndilo kitabu kikongwe katika parokia nyingi. Ni kubwa, jalada gumu, limepigwa mistari kwa upana wa kurasa mbili. Kwanza namba, kisha tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, na sahihi ya padri. Pembeni imeachwa nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo yenye hadithi: hapo huandikwa baadaye kwamba mtu huyu alipata kipaimara mwaka fulani, alifunga ndoa parokia fulani. Madaftari ya kabla ya miaka ya 1960 yameandikwa Kilatini. Kwa hiyo bibi wa Kingoreme aliyetumia maisha yake yote kupanda ulezi ameandikwa kwa lugha ya Roma ya kale, na mstari wake mmoja unaweza kuwa ndiyo karatasi pekee duniani inayosema kwamba aliishi.

Lakini daftari lina upofu wake. Linamwona aliyekuja tu. Ndugu yake aliyekataa dini hayumo, ng'ombe hawamo, ukoo haumo, na njaa haimo. Hapo ndipo mnapomhitaji mzee. Mzee wa huku ukimuuliza alizaliwa lini, huenda asikutajie mwaka. Atakutajia rika lake, wale waliotahiriwa pamoja na baba yake, na jambo lililotokea msimu ule: nzige, vita, mvua iliyokataa. Kazi ya mwanahistoria ni kuyalinganisha majina ya marika na tarehe za daftari mpaka yakubaliane. Mtafiti Mmarekani Jan Bender Shetler, aliyewahi kuishi upande huu akifanya kazi na Wamenno, alifanya hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2003 alitoa kitabu kilichokusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya Kusini wenyewe, watu waliokaa na wazee wao wakaandika kwenye madaftari ya kawaida. Hawakuwa maprofesa. Kalamu na subira viliwatosha.

Na yule mnyonge tuliyesema tumfuate, je? Misheni ilimfungulia mlango mpya. Shirati ikawa na hospitali, na pia mahali pa kuwatunza wenye ukoma, watu ambao hata koo zao ziliwatenga. Mtu wa ukoma alikuwa na jibu la swali la kizingitini, ila jibu lilikuwa halimsaidii tena. Mlango wa misheni haukumuuliza wewe ni wa nani. Nao ulikuwa na maswali yake, msidanganyike: unasali? umemwacha mke wa pili? mtoto atabatizwa? Mwanamke wa ndoa ya mitala aliyetaka ubatizo alijikuta katika njia panda, maana mume akiambiwa abaki na mke mmoja, wengine waende wapi?

Baada ya uhuru serikali ilisema kazi ya kufundisha watoto wote haiwezi kubaki mikononi mwa madhehebu, kwa sababu mtoto wa dhehebu fulani alipata shule na wa jirani yake akakosa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali uwezo wa kuchukua shule za makanisa, na mwaka 1970 zikachukuliwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974 viongozi wa chama cha TANU walikutana hapa mkoani kwetu na kutoa Azimio la Musoma: ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kikajenga madarasa. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Bibi zenu wengi waliingia darasani wakati huo, na wengi wao walikuwa wasichana ambao misheni peke yake isingewafikia.

Makanisa yalirudi kwa nguvu kwenye shule na huduma hali ya uchumi ilipokuwa mbaya katika miaka ya 1980. Waanglikana walipata Dayosisi ya Mara mwaka 1985, na upande wa Serengeti dayosisi hiyo ikaendesha Shule ya Sekondari Issenye. Dayosisi ya Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, ikafanya urafiki na Mara. Wageni wakaenda na kurudi, na parokia za kule zikachangia majengo na karo. Mwaka 2010 Mara iligawanywa, ikazaliwa Dayosisi ya Tarime na ya Rorya, na Mwita Akiri akawa askofu wa kwanza wa Tarime. Wakefield yenyewe iliunganishwa na wenzake mwaka 2014 ikawa sehemu ya Dayosisi ya Leeds, na urafiki ukaendelea. Basi parokia za nchi ile iliyokuwa ikisukuma wajawazito nje ya mpaka zikawa zinamchangia mtoto wa Serengeti ambaye si wa kwao hata kidogo.

Sasa turudi kwa wale ng'ombe wa mahari niliowaambia mshike.

Mnajua kwamba Desemba shule zikifungwa, katika baadhi ya koo wasichana hupelekwa kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inamwadhibu mzazi au mlezi anayemkeketesha msichana aliye chini ya miaka 18, na madhara yake mnayajua: damu nyingi, maumivu ya maisha, wengine kifo. Kwa nini basi baba anayempenda binti yake anamsukuma huko? Kwa sababu kwa mila, asiyekeketwa hakuhesabiwa kuwa amekua, na mahari yake iliyumba. Mahari ikiyumba, kaka yake hana ng'ombe wa kuoa, na nyumba ya mama inasimama. Wavu ule ule uliomlisha mjane na kumzika mzee ndio unaomnasa binti. Akikataa, anawakataa watu ambao siku nyingine zote ndio wangempokea. Ana jibu la swali la kizingitini, na jibu hilo ndilo analolikimbia.

Msichana huyo anakwenda wapi? Huko Masanga, Tarime, kituo cha Kanisa Katoliki kilianza mwaka 2008 kuwapokea wasichana wakati wa msimu na kuwapa mafunzo ya kuvuka kutoka utoto bila kisu. Mugumu, mwaka 2014, ilifunguliwa Nyumba Salama kupitia Dayosisi ya Anglikana ya Mara, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke wa huku huku ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na amelieleza jambo hilo hadharani. Wasichana hufika kwa miguu, kwa pikipiki, wengine wakisindikizwa na mwalimu au na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Huandikwa jina, umri, kijiji, na jina la mzazi. Hupewa kitanda, chakula na masomo.

Sehemu ngumu inakuja msimu ukipita. Wazazi huitwa. Wafanyakazi wa kituo, ustawi wa jamii na polisi hukaa nao, na mzazi anayekubali hutia sahihi kwamba binti hatakeketwa wala kuozeshwa, atarudi shule. Kisha watu wa kituo humfuatilia nyumbani. Wengi hurudi kwao, na ndivyo inavyotakiwa, maana kituo hakiwezi kuwa mama na baba wa kila mtu. Wale ambao wazazi wao hukataa hubaki, husoma au hujifunza ushonaji na kazi nyingine za mikono.

Nawaambia hivi kwa sababu baadhi yenu mtapewa kazi na mwalimu wa historia: andika habari za kanisa au shule ya kijijini kwako. Anzeni na daftari, mwombeni padri, mchungaji au mwalimu mkuu awaonyeshe. Kisha mwendeeni mzee na mwendeeni bibi, kila mmoja kwa wakati wake, maana bibi hatasema mbele ya mzee. Muulizeni nani alijenga. Muulizeni nani alisoma. Muulizeni nani alipokelewa hapa alipokuwa hana pa kwenda. Halafu, kwa adabu, ulizeni nani alikuja akabisha na hakufunguliwa. Wengi hawatapenda swali hilo la mwisho, lakini bila jibu lake mtakuwa mmeandika sifa tu, na sifa kila kanisa tayari linazo.